Kutoa ni Moyo: Mchezo wa Angani Ulioachiwa Ulimwengu

"Ami, hiki ni halali?"

Swali hili niliulizwa na kijana wa marehemu kaka yangu, baada ya sala ya Ishaa, tukiwa tumekaa barazani kwetu hapa Mombasa. Mapajani alikuwa na kompyuta, na kiooni mwake mlikuwa na jina ambalo sikuwa nimelitia machoni kwa zaidi ya miaka ishirini: TYRIAN. Alikuwa amesoma kwenye intaneti kuwa mchezo huo unatolewa bure, haulipiwi hata senti moja. Kabla ya kuupakua alitaka kujua kama ni bure ya kweli, au ni ile bure tuijuayo sisi, ya kunakili na kunyamaza.

Wasomaji wapendwa, nilicheka, kisha kicheko kikanikauka kinywani. Kwani mchezo huo mimi niliucheza ujanani, na baba yake pia aliucheza, wala hapana hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza swali hilo.

Mimi si shehe wala si wakili, na fatwa si kazi yangu. Lakini mtoto akiuliza hujibiwa, na ili nimjibu ilinibidi niifuatilie habari ya mchezo huu tangu ulipozaliwa hadi ulipoachiwa. Niliyoyakuta nimeona si vyema kuyafungia nyumbani, kwani yanahusu jambo kubwa kuliko mchezo: kazi ya sanaa ikishamaliza siku zake sokoni, huenda wapi? Na nani ana haki ya kuifungulia mlango?

DISKETI YA MKONO KWA MKONO

Tyrian ulitoka Marekani mwaka 1995. Waliouunda walikuwa watu wachache mno ukilinganisha na makundi ya mamia ya watu wanaounda michezo ya siku hizi. Jason Emery ndiye aliyeandika programu yake, Daniel Cook alichora picha, na Alexander Brandon alitunga muziki na kushiriki katika kubuni kisa. Mchapishaji wao alikuwa Epic MegaGames, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1991 na Bwana Tim Sweeney katika jimbo la Maryland. Leo kampuni hiyo yaitwa Epic Games, na watoto wetu waijua kwa Fortnite.

Wakati ule biashara ya michezo ya kompyuta ilikuwa na utaratibu wake. Sehemu ya kwanza ya mchezo ilitolewa bila ya malipo, na kila mtu aliruhusiwa, bali alihimizwa, kuinakili na kumpa mwenziwe. Ukiipenda, unaagiza sehemu zilizobaki na kuzilipia. Ni kama muuza halua anayekuonjesha kipande kwenye ncha ya kisu. Kipande hicho hukulipa, wala hukuiba, kwani mwenye sinia amekupa kwa mkono wake. Lakini ukingoja ageuze uso ubebe sinia zima, hapo jina lako limebadilika.

Basi sisi, na nasema kwa haya, tulibeba sinia. Mwaka 1997 mimi na kaka yangu tulikuwa tukijifunza kompyuta katika darasa moja mjini. Mmoja wa waliotufundisha alikuwa na mchezo mzima, naye aliupata kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, mkono kwa mkono, disketi kwa disketi. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, maandishi yalitokea kutuambia namna ya kuagiza zilizosalia. Tuliyasoma kama mtu asomavyo tangazo la meli isiyopita bandari yake. Dola hatukuwa nazo, kadi ya benki hatukuwa nayo, na Marekani ni mbali. Tukaingia sehemu ya pili. Siku zile tulidhani umbali ni ruhusa.

NGUVU YA JENERETA

Ni mchezo gani huu uliotushika hivyo? Nasaba yake ni ya mashine za sarafu, zile ulizosimama mbele yake, ukatia sarafu, ukapigania roho yako. Babu yao mkubwa ni Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito huko Japani mwaka 1978. Safu za maadui zashuka kutoka juu, nawe uko chini na mzinga wako. Kila unapowapunguza, waliobaki wazidi kukimbia. La kustaajabisha ni kwamba kasi hiyo ilitokana na udhaifu wa mashine yenyewe. Ilipokuwa na picha nyingi za kuchora ilijikokota, na picha zilipopungua ikapata wepesi. Nishikado aliiona hali hiyo akaiacha ilivyo, na ugumu huo ukawa ndio utamu. Baadaye, mwaka 1981, likaja jina jingine kubwa, Galaga wa kampuni ya Namco, pia wa Japani.

Tyrian ni mjukuu katika ukoo huo, ila yeye alizaliwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Chombo chako chaelekea juu ya kioo, na nchi za sayari zapita chini yako kama maji yapitavyo chini ya ngalawa. Kisa chake chaanza mwaka 20031. Rubani mmoja, Trent Hawkins, ana rafiki wa jamii ya viumbe wanaofanana na mijusi. Rafiki huyo auawa kwa kuwa amejua siri ya kampuni iitwayo Microsol, inayotaka kuyamiliki madini ya Gravitium yatokayo sayari ya Tyrian. Kabla ya kufa amwambia Trent akimbie, na kuanzia hapo hapana kupumzika.

Jambo linalouvuta moyo, hata hivyo, ni duka. Kila baada ya vita wapata fedha, na kwa fedha hizo wanunua chombo kipya, silaha ya mbele, silaha ya nyuma, visaidizi vya kulia na kushoto, ngao, na jenereta. Hii jenereta ndiyo siri ya mchezo, na ndiyo anayoidharau kila mgeni. Hupiga risasi kwa nguvu zake, na ngao yako hujijaza tena kwa nguvu hizo hizo. Ukinunua bunduki kubwa kuliko jenereta yako, utapiga kwa fahari dakika moja, kisha nguvu zitakwisha, na ngao haitapata chochote.

Mimi nilikuwa mpenda bunduki. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa jenereta. Alikuwa akinicheka akisema, "Wewe wataka tanga la jahazi kwenye mlingoti wa mtumbwi." Nami nilikuwa nikifa mbele yake kila siku kwa ubishi wangu.

Watungaji wake walikuwa watu wa mzaha pia. Katikati ya vita waokota vijisanduku vya habari, na ukivisoma dukani wakuta mara siri za adui, mara matangazo ya biashara ya kuchekesha. Kuna chombo chenye umbo la karoti. Kuna mchezo mwingine kabisa uliofichwa ndani, wa kurushiana makombora ardhini, ambao haufunguki mpaka uandike neno "destruct" kwenye ukurasa wa mwanzo. Na kuna mchezo wa watu wawili. Mmoja huendesha chombo kiitwacho Dragonhead na mwingine Dragonwing, na vyombo hivyo vyaweza kushikana vikawa kimoja. Vikishikana, mwenye Dragonhead ndiye nahodha, na mwenye Dragonwing huwa mpiga mzinga, akiuzungusha huku na huku.

Kwetu nahodha alikuwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mbishi. Kaka alishika kipanya akakaa nyuma, akinilinda.

MLANGO ULIOFUNGWA

Mwaka 1999 mchezo ulitolewa upya kwa jina la Tyrian 2000, ukiwa na sehemu ya tano. Baada ya hapo kimya. Kompyuta zilibadilika, na macho ya watu yakahamia kwenye michezo yenye picha za kina na kimo. Alexander Brandon mwenyewe alikuwa ameshakwenda huko, akawa miongoni mwa watunzi wa muziki wa Unreal wa mwaka 1998, kisha Deus Ex wa mwaka 2000. Tyrian ukabaki kama chombo kilichovutwa pwani kikageuzwa kifudifudi.

Naomba hapa tusimame kidogo, kwani hapa ndipo palipo na mkasa. Kitabu kikiacha kuuzwa, nakala yake yaweza kukaa kabatini miaka mia na mjukuu akaisoma. Mchezo wa kompyuta hauna bahati hiyo. Disketi huoza, mashine yake huacha kutengenezwa, na sheria ya hakimiliki yaendelea kuulinda hata pale ambapo hapana anayeuuza. Anayetaka kuununua hana wa kumlipa, na anayetaka kuuhifadhi hana wa kumwomba. Mwaka 2023 shirika la Marekani liitwalo Video Game History Foundation, pamoja na wenziwe wa Software Preservation Network, lilichapisha uchunguzi wake: katika kila michezo mia ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010, 87 haipatikani tena madukani.

Wako wasemao kuwa mchezo ulioachwa hivyo ni wa atakayeuokota. Siafikiani nao, ijapokuwa naielewa huruma yao. Tembea katika Mji wa Kale utaona nyumba ambayo mlango wake haujafunguliwa miaka ishirini. Nakshi zaliwa na mchwa, na kila apitaye husikitika. Lakini nyumba hiyo haiwi yangu kwa sababu mwenyewe haonekani. Kilichoachwa si sawa na kilichotolewa. Tofauti yao ni neno moja tu, na neno hilo lazima litoke kinywani mwa mwenye mali.

NENO LENYEWE

Kwa Tyrian neno hilo lilitamkwa. Mwaka 2004 mchezo ulitangazwa kuwa wa bure kwa ridhaa ya wenyewe. Anayeutaka auchukue, aucheze, ampe na mwenziwe. Zile sehemu tulizozinyatia sisi mwaka 1997 kama paka jikoni, sasa zimewekwa mezani. Hata duka la GOG, linalouza michezo ya zamani kwenye intaneti, lautoa Tyrian 2000 bila ya malipo.

Lakini bure peke yake haikutosha. Mchezo ule uliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Pascal, kwa ajili ya mashine za mfumo wa DOS zilizokwisha kutoweka. Umepewa ufunguo, na kitasa kimebadilishwa. Ndipo Jason Emery alipotoa kitu cha pili, na kwangu mimi ndicho kikubwa zaidi. Aliwapa waandishi wa programu waliojitolea maandishi yenyewe ya mchezo. Mpishi hupenda kukugawia biriani, lakini ni wachache watakaokuandikia vipimo vyao.

Watu hao waliyahamisha maandishi yale kutoka Pascal hadi lugha ya C, na mwaka 2007 kazi yao ikatoka kwa jina la OpenTyrian. Sisi watu wa pwani kazi ya namna hii twaifahamu. Ni kama mzee mwenye subira achukuaye utenzi ulioandikwa kwa khati za Kiarabu, akaunakili herufi kwa herufi kwa hati za Kirumi ili vijana wa leo wausome. Hatungi neno jipya, na akikosea vokali moja vina vinapotea. Tangu hapo Tyrian hautegemei aina moja ya mashine. Likija jingine jipya, watakuwako wa kuuhamisha tena, kwa kuwa maandishi yako wazi.

Mwaka huo huo wa 2007 Daniel Cook naye akaja na chake. Aliweka hadharani picha alizozichora kwa ajili ya mchezo huu, vyombo, sayari na milipuko, na kuruhusu zitumiwe katika michezo mipya, kwa sharti jepesi la kumtaja aliyezichora. Alijua kuwa kuna vijana wengi wawezao kuandika programu lakini hawajui kushika kalamu ya rangi.

Usidhani, msomaji, kuwa mambo haya huenda pamoja sikuzote. Wenye mchezo maarufu wa Doom waliyatoa maandishi ya programu yao mwaka 1997, nalo lilikuwa tendo jema, lakini picha na ramani za mchezo kamili zikaendelea kuuzwa. Hiyo ni haki yao. Nasema tu kuwa mchezo una milango mingi, na kila mlango una ruhusa yake. Hali kadhalika, bure haina maana ya kukosa mwenyewe. OpenTyrian una masharti yake: ukiyageuza maandishi yale na kuyasambaza, huna budi kuwapa unaowasambazia maandishi uliyoyageuza, kama ulivyopewa wewe. Aliyepewa asiufunge mlango nyuma yake.

WATASEMA

Najua watakaosema, "Hapana cha ajabu. Walitoa kitu kilichokwisha thamani." Hoja hii niliipima, na kwangu haikusimama. Space Invaders na Galaga ni wakongwe kuliko Tyrian, na hadi leo kampuni zao zawakusanya katika makasha mapya na kuwauza. Cha kale chaweza kuuzwa mara kumi. Isitoshe, ile michezo 87 katika kila mia haimwingizii mtu senti yoyote dukani, na bado iliyo mingi haijaachiwa. Mara nyingine kampuni imekufa, mara nyingine hati zimepotea, na mara nyingine hapana aliyeona haja ya kukaa kitako akatamka neno. Kitu kukosa faida hakukifanyi kitolewe. Wahenga wamekwisha kulimaliza hili: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Nami naongeza kuwa kutoa kuna na wakati wake. Tyrian ulitolewa miaka 9 baada ya kuzaliwa, wakati walioupenda walikuwa bado hai na vidole vyao bado vyakumbuka. Lau wangengoja miaka hamsini, ruhusa ingefika msibani. Basi na wewe uliye na kanda za harusi za zamani, au daftari la mashairi ya babu yako, usiridhike kuyafungia kabatini. Andika kwenye karatasi ni ya nani, na ni nani umemruhusu afanye nini. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayomwondolea shaka mtoto atakayeuliza.

JIBU LA MTOTO

Nikamjibu kijana wangu hivi: "Pakua, mwanangu. Wenyewe wameridhia." Naye akaupakua, na kabla sijamaliza kikombe changu cha kahawa ulikuwa umekwisha kushuka. Mchezo mzima, uliotuliza usingizi mwaka 1997, ni mdogo kuliko video moja ya harusi anayotumiwa mama yake kwenye simu.

Ama kuhusu deni langu mimi, hilo sikumficha. Nilimweleza kuwa mimi na baba yake tuliucheza kabla ya ruhusa, na kwamba ruhusa iliyotolewa mwaka 2004 haikuandikwa kwa ajili ya mwaka 1997. Aliniangalia kwa muda. Nilidhani ataniuliza kwa nini tulifanya vile, nami nilikuwa nikitafuta jibu lisilokuwa la dola wala la umbali. Hakuniuliza hilo.

Aliuliza, "Ami, baba alikuwa akiendesha kipi?"

Nikamwonyesha kile cha nyuma, Dragonwing. Akakisogeza kipanya upande wake, akanisukumia kibodi. Muziki wa Brandon ukaanza, ule ule, na adui wa kwanza akatokea juu ya kioo. Nikakimbilia mbele kwa ubishi wangu wa zamani, nikapigwa, ngao ikaisha. Kijana hakusema kitu. Alikishikanisha chombo chake na changu, akauzungusha mzinga nyuma, akaanza kunilinda.

Tulicheza hadi saa tano ya usiku, mama yake alipotutolea sauti dirishani.